Kripto imeshahalalishwa, haya, na ile beti iliyo ndani yake?

Tangu Rais Ruto atie sahihi ile sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali tarehe 15 Oktoba 2025, ikaanza kazi tarehe 4 Novemba, hapa kwetu Mombasa kuanzia baraza za kahawa mpaka magrupu ya WhatsApp neno ni moja tu, kripto, yaani sarafu za kidijitali kama bitcoin, imehalalishwa. Wenye nayo wanashangilia, wanakwambia weka pesa sasa bila wasiwasi, na wasioipenda wanalia kwamba serikali imewafungulia vijana mlango wa jehanamu. Mimi naona wote wawili wameisoma vibaya, tena kwa kosa lile lile moja. Wanabishana kuhusu sarafu, na sarafu imeacha kuwa jambo kubwa kitambo. Jambo sai ni pochi, yaani ile apu moja yenye salio moja ambayo ndani yake unatredi mchana, yaani unanunua na kuuza sarafu, jioni unalipia unga na gesi, alafu usiku unatabiri kama Arsenal atashinda ama atatuchoma tena, zote hizo bila kutoka kwenye skrini. Ni kazi tatu ambazo hesabu zake hazifanani hata kidogo, kodi zake tofauti, msimamizi wake serikalini tofauti, na pesa inavuka kutoka moja kwenda nyengine bila mtu kuhisi, wa mwisho kuhisi akiwa ni mwenye pesa mwenyewe.

Turudi nyuma kidogo manake watu husahau haraka. Kripto haijawahi kupigwa marufuku Kenya. BitPesa ilianzia Nairobi mwaka 2013, ikitumia bitcoin kuvusha pesa na mpokeaji akizipata kwa M-Pesa, alafu 2015 Safaricom ikawakatia njia, kesi ikaenda Mahakama Kuu na BitPesa hawakupata amri waliyoiomba, na Desemba mwaka huo huo Benki Kuu ikatoa notisi yake kwamba bitcoin si pesa halali na atakayeunguzwa hana wa kumkimbilia. Baada ya hapo ikawa miaka karibu kumi ya kuachiana, serikali inajifanya haioni na vijana wanauziana kwa P2P, yaani mtu kwa mtu. Kitu cha kwanza serikali kukumbuka kilikuwa kodi, si ulinzi. Septemba 2023 ikaja asilimia 3 ya thamani ya kila mali ya kidijitali unayohamisha, uwe umepata faida ama umekula hasara, ikachukiwa mpaka ikafutwa, na kuanzia Julai 2025 mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 10 kwenye ada ambayo kampuni inakutoza. Kwenye ada, sio kwenye pesa yako. Shika hapo, tutarudi.

Sheria mpya imegawa kazi, Benki Kuu ishike upande wa malipo na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ishike upande wa masoko ya kununua na kuuza. Na katikati ya Novemba hao wawili wakatoa tangazo la pamoja kwamba hakuna hata kampuni moja ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa imepewa leseni chini ya sheria hiyo. Kwa hiyo wakati watu wanaandikiana "imehalalishwa, tuingie", kilichokuwa halali ni wazo tu, wale walioshikilia pesa zetu walikuwa bado kupewa karatasi. Mtu akikununulia kiwanja alafu akakwambia ofisi ya ardhi imefunguliwa, hujapata hati bado.

Haya, tuzichukue hizo kazi tatu. Kutredi ndiyo ya zamani zaidi na ushahidi wake umeshakuwa mrefu. Benki ya BIS ya kule Uswisi, ile wanayoiita benki ya mabenki makuu, ilichunguza watu waliopakua apu za masoko ya kripto kati ya 2015 na 2022 ikakadiria kwamba karibu robo tatu yao waliingia hasara kwenye bitcoin, na sababu si ngumu, watu hupakua apu bei ikiwa juu. Watafiti wa Brazil waliofuatilia watu wanaonunua na kuuza mikataba ya soko la hisa siku hiyo hiyo waligundua kwamba kati ya walioendelea zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza. Hiyo haikuwa kripto, lakini kidole kinachobonyeza ni kile kile. Na tarehe 10 Oktoba 2025, siku nne tu baada ya bitcoin kufika karibu dola 126,000, zilifutwa kwa siku moja biashara za kripto zilizofanywa kwa pesa ya mkopo za zaidi ya dola bilioni 19, watu wamelala wakaamka akaunti ni sufuri. Hata hivyo kutredi angalau kunajulikana ni kutredi. Anayeingia ameambiwa na kila mtu mpaka na shemeji yake.

Matumizi ya kila siku ni habari nyengine, na hapa wanaobeza kripto huwa hawatendi haki. Dada zetu walioko Riyadh na Doha wanatuma nyumbani kila mwisho wa mwezi, na kwa hesabu za Benki ya Dunia kutuma dola 200 kuja Afrika chini ya Sahara hula karibu asilimia 8 kwa wastani, yaani dola 16 zinaliwa njiani kabla mama hajanunua chochote. Vijana wanaofanya kazi za onlaini kwa wateja wa ng'ambo wanalipwa USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kwa sababu benki ya mteja haitaki kujua Kisauni iko wapi. Kibera, eneo la Soweto West, kuna mradi uliolipa vijana wanaozoa taka kwa bitcoin na baadhi ya maduka ya jirani yakaipokea, na kuna apu ya Tando ambayo wewe unalipa kwa bitcoin na mwenye duka anapata shilingi kwenye till yake ya M-Pesa kama kawaida, hata hajui kama umetumia kripto, na hana haja ya kujua. Hii ya mwisho ndiyo inanifurahisha, manake inaonyesha ukweli ambao matangazo hayasemi, kwamba kripto ya matumizi hapa kwetu imepanda mgongoni mwa M-Pesa na bila M-Pesa haitembei hatua mbili.

Lakini hata hapo kuna kitu watu wanakiita salama na sio salama. Ukiuliza kwa nini unaweka akiba kwa USDT utaambiwa shilingi inaanguka kila siku, dola haianguki. Januari 2024 dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160, watu wakakimbilia USDT mbio mbio, alafu Februari serikali ikapata mkopo wa kulipia ile Eurobond, deni lake la dola, na shilingi ikarudi nguvu mpaka ikatulia kwenye 129 hivi. Aliyebadilisha shilingi 16,000 wakati ule alipata kama USDT 100, na USDT 100 baadaye zikawa shilingi 12,900. Kapoteza elfu tatu na mia moja kwa kukaa kimya, bila kutredi, bila kubeti, bila kuibiwa. Kama karo unalipa kwa shilingi na kodi ya nyumba ni shilingi basi dola pia ni dau, la polepole tu.

Na P2P yenyewe tuiangalie kwa karibu, kwa sababu ndiyo daraja linalounganisha haya yote. Unachagua muuzaji, soko linazishika USDT zake, saa inaanza kurudi nyuma, unatuma M-Pesa kwa jina ambalo hulijui, na maelezo yake yamekuonya usiandike neno kripto popote. Unabonyeza nimelipa. Unasubiri. Ukiwa wewe ndiye muuzaji unaona ujumbe wa M-Pesa umeingia, unaachilia USDT, alafu mnunuzi anatuma ule ujumbe kwenda 456 akidai alikosea namba, na sasa pesa iliyokuwa yako ina mgogoro na USDT zimeshakwenda. Kila anayefanya hii kazi ana hadithi yake hapo. Hilo ndilo jambo ambalo leseni ingesaidia kweli, na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote.

Sasa tuje kwenye utabiri wa michezo, ambao ni mgeni na umevaa kanzu safi. Masoko ya ubashiri yanafanya kazi hivi. Swali linawekwa, Senegal itashinda ama la. Karatasi ya "ndio" inauzwa kwa bei ya kati ya senti 1 na senti 99, na mechi ikiisha aliyepatia analipwa dola 1, aliyekosea sufuri. Bei ikiwa senti 62 maana yake soko linaona nafasi ya kama asilimia 62, na kabla mechi haijaisha unaweza kuiuza karatasi yako kwa mwengine. Polymarket, iliyoanza 2020 na inayoendeshwa kwa dola za kidijitali, ilipigwa faini ya dola milioni 1.4 na tume ya Marekani ya CFTC mwaka 2022 na ikafungia Wamarekani mlango, alafu Oktoba 2025 kampuni inayomiliki soko la hisa la New York ikatangaza kuwekeza mpaka dola bilioni 2 ndani yake. Haijafika hata miaka minne hapo katikati. Crypto.com, wale ambao jina lao lilikuwa kila kona ya Kombe la Dunia la Qatar 2022, walileta utabiri wa michezo kwa Wamarekani mwisho wa 2024, Kalshi, soko la ubashiri la Marekani, ikafuata Januari 2025, na kabla 2025 haijaisha Coinbase na Gemini nao walikuwa wametangaza kuingia. Ukiona masoko ya kripto yote yanakimbilia mlango mmoja ujue wameona pesa, na pesa waliyoiona iko kwenye mpira.

Hoja ya wanaozitetea nitaieleza kwa haki, kwa sababu sehemu yake ni kweli na wanaobeti hapa kwetu wanapaswa kuijua hata kama hawatagusa kripto maisha yao yote. Chukua odi za kawaida za mechi, nyumbani 2.10, sare 3.20, ugenini 3.40. Gawa 100 kwa kila moja unapata 47.6, 31.3 na 29.4, ukijumlisha ni kama 108. Maana yake ni kwamba ukitaka kufunga matokeo yote matatu ili urudishiwe shilingi 100 kwa hakika, itabidi utoe 108, na hiyo 8 ni ya kampuni kabla mpira haujawekwa katikati. Ukiunga mechi tano za namna hiyo kwenye multibeti moja ile 8 inazaana mpaka inakuwa karibu 49, na ndio maana kampuni inakuzawadia bonasi ukiongeza mechi, si kwamba inakupenda. Kwenye soko la ubashiri lenye watu wengi utakuta "ndio" ni 62 na "la" ni 39, jumla 101. Hiyo ni nafuu kubwa, na mtu akiniambia kwamba kwa hesabu tupu ni bora kutabiri huko kuliko kwenye kampuni ya kubeti, sitabishana naye, isipokuwa nitamkumbusha kuna ada juu yake na kwenye mechi ndogo ndogo ile 101 haikai 101.

Ninapobishana ni pale anaponiambia "hii si kamari, hii ni treding, unauziana na watu wenzako kama soko la Kongowea". Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote na ndiyo inayosambaa kuliko zote. Kwanza hao watu wenzako ni nani? Kalshi ilitangaza yenyewe mwaka 2024 kwamba Susquehanna, moja ya makampuni makubwa ya biashara ya fedha Marekani, imeingia kuwa mtengeneza soko wake, yaani anayenunua na kuuza humo muda wote. Wewe uko Likoni na bando la shilingi hamsini, upande wa pili kuna kompyuta na wanahesabu wa daraja la juu wanaolipwa mshahara kukisia bei kabla yako. Kongowea muuza nyanya angalau anakaa mbele yako unamwona usoni. Pili, mkulima akiuza mahindi yake mapema ana hatari ya kweli anayoipunguza, mvua, bei, ghala. Mimi nina hatari gani inayopungua nikinunua "ndio" ya Arsenal? Nilikuwa sina hasara yoyote mpaka nilipoinunua. Tatu, na hii ndiyo imenimaliza, mwaka 2025 Kalshi ilianza kuuza matokeo yaliyoungwa pamoja, hiki na hiki na hiki vikitokea ndio unalipwa. Hiyo ni multibeti bana. Nevada na New Jersey na majimbo mengine ya Marekani yalitaka kuzizuia na kesi zikafika mahakamani, majimbo yakisema hivyo hivyo, kampuni zikijibu kwamba ni mikataba ya fedha inayosimamiwa na serikali ya taifa, na usishangae kwa nini wanalishikilia jibu hilo, kwa sababu jina likibadilika kodi na leseni vinabadilika pia.

Hapa Pwani jina lina uzito mwengine zaidi ya kodi. Kuna watu wazima ninaowajua ambao hawajawahi kukanyaga duka la kubeti kwa sababu maisiri, yaani kamari, ni haramu na wanalisema hilo wazi, na mmoja wao nilimkuta anaangalia asilimia za mechi kwenye apu ya kripto, anasema anafanya uchambuzi. Wanavyuoni wenyewe wametofautiana kuhusu sarafu, Malaysia baraza la sharia la mamlaka yao ya masoko liliruhusu biashara yake mwaka 2020, Indonesia baraza la maulamaa mwaka 2021 likasema ni haramu kuitumia kama pesa. Lakini tofauti hiyo ni ya sarafu. Kuweka dau kwenye matokeo ya mechi hakujawahi kuwa na utata wa namna hiyo, na utata wa sarafu unatumika kama shela ya kufunikia jambo ambalo halina utata. Simhukumu mtu, nasema tu pochi moja imechanganya hukumu mbili.

Sasa ile kodi niliyosema tuishike. Mswada wa fedha wa 2025 ulipopita, ushuru wa kubeti uliwekwa asilimia 5 ya kile unachoingiza kwenye akaunti yako ya kubeti, na ukitoa unakatwa asilimia 5 nyengine ya zuio. Weka shilingi 10,000 kwenye kampuni ya kubeti yenye leseni Kenya, 500 imekwenda kabla hujachagua mechi. Peleka 10,000 hiyo hiyo kwenye apu ya kripto. Tuseme inatoza ada ya asilimia 0.1, hiyo ni shilingi 10, na ushuru wa asilimia 10 ya hiyo ada ni shilingi moja. Moja! Na hiyo moja italipwa kama kampuni inalipa kodi hapa, ikiwa imesajiliwa kisiwani huko ng'ambo haitalipwa hata hiyo. Hata ukiongeza tofauti ya bei ya P2P bado mwenye kubeti kwa kripto anaingia uwanjani na pesa nyingi kuliko jirani yake. Kwa hiyo serikali imeweka ukuta mbele na kuacha mlango wa jikoni wazi, na anayeambiwa kwamba vijana wanahamia huko kwa kupenda teknolojia anadanganywa, wanahamia kwa sababu ni bei nafuu zaidi, tena kwa tofauti ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaihesabu. Kumbuka pia hizo sheria mbili zilikuwa zinatembea mwaka mmoja, ile ya kudhibiti kamari ilitiwa sahihi Agosti 2025 ikaunda mamlaka mpya badala ya ile bodi ya zamani, ya kripto ikafuata Oktoba. Miezi miwili tu, na bado zimepishana kama matatu mbili za Likoni, kila moja na steji yake.

Kuna wanaosema dawa ni kufunga kila kitu. Naelewa hasira yao, mzazi ambaye karo imepotea kwenye simu hana nafasi ya kusikiliza uchambuzi wangu. Lakini Nigeria walijaribu, Februari 2021 Benki Kuu yao ikayaamuru mabenki yaachane na kripto, biashara ikahamia P2P ikawa kubwa zaidi na gizani zaidi, na Desemba 2023 wakalegeza wenyewe. Ukifunga hapa utamuumiza yule dada wa Doha na yule kijana wa kazi za onlaini, mwenye kubeti atapata njia usiku huo huo.

Mpwa wangu ndiye aliyenifanya nilifikirie jambo hili vizuri, na sitasema mengi yake. Anaandika manukuu ya sauti kwa wateja wa nje, analipwa USDT kila wiki. Kwenye duka la kubeti alikuwa hazidishi shilingi 50 kwa karatasi, anajulikana kwa ubahili. Siku moja ananionyesha apu, salio 46 na kitu, na ameweka 8 kwenye mechi. Nikamwambia 8 ni nyingi. Akacheka, "mjomba, ni nane tu." Nikatoa simu nikazidisha kwa 129 mbele yake, shilingi 1,032. Alinyamaza. Alikuwa ameweka kwa mara moja dau la karatasi ishirini za dukani na hakuliona, kwa sababu tarakimu ilikuwa ndogo na kwa sababu pesa haikutoka M-Pesa, hapakuja ule ujumbe wa "umetuma", hakuingiza namba ya siri, ilikuwa tayari mle ndani ikingoja. Mshahara, akiba na kamari vilikuwa vimekaa kwenye mstari mmoja wa maandishi.

Hapo ndipo mimi naona kazi ya msimamizi ilipo, sio kwenye kubishana bitcoin ni pesa ama si pesa. Apu yoyote inayotaka leseni ya malipo au ya soko na pia inauza utabiri wa michezo itenganishe salio, kuhamisha kutoka mfuko mmoja kwenda mwengine kuwe ni tendo la makusudi lenye namba ya siri na linaloonyeshwa kwa shilingi. Mfuko wa utabiri uhesabiwe ni akaunti ya kubeti, ulipe ile asilimia 5, na mamlaka ya kamari iwe na sauti juu yake kuhusu umri na kujizuia na matangazo. Najua jibu la kampuni, kwamba hilo litapunguza urahisi kwa mteja. Ndiyo, na urahisi huo ndio ninaoulalamikia. Na kuna sababu nyengine ya kutenganisha ambayo haihusu mpira kabisa. Salio unaloliona kwenye apu si sarafu iliyokaa mahali ikikungoja, ni deni ambalo kampuni inakudai, aah, unaidai wewe, na soko la kripto la FTX lilipofilisika Novemba 2022 wateja waligundua tofauti hiyo kwa uchungu, wakaja kulipwa kuanzia 2025 kwa bei ya siku ya kufilisika, bitcoin ikihesabiwa kama dola elfu kumi na sita na ushei wakati sokoni ilikuwa inakaribia laki moja. Ikitokea kwetu, mwenye salio lililochanganyika atakwenda kudai wapi, Benki Kuu kama mlipaji, Masoko ya Mitaji kama mwekezaji, ama mamlaka ya kamari kama mchezaji? Kila ofisi ina haki ya kumwambia si kwetu, nenda kule.

Na muda si mrefu. AFCON 2027 inakuja Kenya, Tanzania na Uganda, mara ya kwanza mashindano hayo makubwa kuchezwa huku kwetu, na CHAN ya Agosti 2025 tuliona wenyewe jinsi Kasarani ilivyojaa na jinsi simu zilivyokuwa mkononi kila dakika. Makampuni haya yanajua kalenda kuliko sisi, na Tanzania nao wana kodi yao ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali tangu Julai 2024, kwa hiyo nchi tatu zitakuwa wenyeji wa mashindano mamoja huku kila moja ina hesabu yake, na apu ni moja kwa wote.

Mpwa wangu ameshajipangia mwenyewe bila kungoja sheria. Kila Ijumaa baada ya swala anauza USDT, pesa ikiingia M-Pesa anamtumia mamake sehemu, anaacha dola kumi ndani na hizo anasema wazi ni za kubeti, ameacha kuziita uchambuzi. Wiki iliyopita nilimuuliza zimebaki ngapi. Akaniambia mbili na senti arubaini, alafu akajirudi, "shilingi mia tatu na tisa, mjomba."